Boila ya Hvammsborg

Esbjerg, 23 Januari 2018

Mpwa wangu Salvör,

Leo imetimia miaka arobaini na mitano tangu niondoke kisiwani Heimaey. Kila mwaka siku hii humwandikia mama yako, lakini barua ya mwaka jana aliijibu kwa maneno mawili tu, "Tumeipata. Njoo," kwa hiyo safari hii nakuandikia wewe, ambaye walau una adabu ya kujaza ukurasa. Msalimie dada yangu. Mwambie maneno yake mawili niliyasoma zaidi ya mara mbili.

Mimi ni mzima. Goti la kushoto linanung'unika baridi ikizidi, ila lilianza kunung'unika nikiwa bado fundi wa injini melini, tumezoeana. Wajukuu walikuja Krismasi. Yule mdogo alisimama mbele ya ramani ya kisiwa chetu niliyoitundika ukutani, akauliza kwa nini nimechora nyumba kwa kalamu mahali ambapo ramani yenyewe inaonyesha mawe. Nikamwambia nyumba ipo, ila mawe yako juu yake. Akaridhika. Watu wazima ndio hawaridhiki na jibu hilo.

Nikamsimulia na habari ya boila. Unaijua, nivumilie. Mlima ulipopasuka nyuma ya mji, kila mtu alifanya jambo moja la kipuuzi kabla ya kukimbilia mashua bandarini. Mama yako alimwagilia maua. Jirani alifunga mlango kwa ufunguo, akatoka, akarudi kuhakikisha amefunga. Mimi niliteremka chini ya nyumba nikaipunguza boila ya mafuta, ile iliyopasha nyumba joto, hadi alama ya chini kabisa. Sikuizima, kwa kuwa mabomba yangeganda, na sisi tulikuwa tunarudi jioni. Februari niliporudi na wanaume wengine kuondoa majivu kwa mabeleshi, niliikuta bado inaunguruma, nikaiongezea mafuta. Machi lava ikaifunika nyumba yetu, Hvammsborg, yote, boila ikiwaka. Wiki zile za beleshi sizihesabu kuwa nilirudi. Mtu aliyerudi hulala kitandani kwake.

Niandikie. Usinipigie simu. Kwenye simu husema nisichokusudia.

Mjomba wako,
Oddgeir

*

Heimaey, 4 Machi 2018

Mjomba, shikamoo.

Barua ilifika tukiwa katikati ya msimu wa samaki, na mji mzima unanuka riziki. Mama hajambo. Kila asubuhi anakwenda bwawani, anakaa kwenye maji ya moto na wazee wenzake, anagombana nao kuhusu serikali, anarudi nyumbani amechangamka kuliko mimi. Nimemsomea barua yako. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema maua yale yalikuwa yanahitaji maji.

Sasa nina jambo. Unajua mimi ndiye mkuu wa kituo cha joto cha mji, na unaijua historia yetu. Nilipokuwa msichana tulijipasha kwa lava ileile iliyotufukuza: tulikuwa tunamwaga maji juu ya mawe ya moto, mvuke unapanda, unapasha maji ya mabomba yanayopita katika kila nyumba. Hospitali, shule, kiwanda cha samaki, vyote vilipata joto humo. Sehemu ya mvuke iliyokuwa karibu na kwako watu waliiita Boila ya Oddgeir, na mpaka leo wanaiita hivyo. Lakini mawe hupoa. Tangu yapoe tunachemsha maji kwa umeme kama birika kubwa mno, na waya wa umeme unaotoka bara ukikatika tunachoma mafuta, moshi unatanda juu ya mji mpaka unatuaibisha.

Baraza la mji limekubali tujenge pampu za joto. Zinafanya kazi kama friji iliyogeuzwa. Friji huchota joto ndani ya kabati na kulimwaga jikoni kwako. Hizi zitachota joto la bahari na kulimwaga majumbani. Tunahitaji visima vya maji ya bahari pembezoni mwa lava, karibu na bandari. Mahali panapofaa ni kiwanja cha Hvammsborg. Kila mtu alichukua fidia baada ya mlipuko, kiwanja chake kikawa cha umma. Wewe peke yako ulikataa. Kwa hiyo ni chako, na sheria inataka mwenye kiwanja atie sahihi hapa kisiwani, yeye mwenyewe. Njoo Mei, dhoruba za majira ya baridi zikiwa zimekoma kuchelewesha meli.

Wako,
Salvör

*

Esbjerg, 19 Machi 2018

Mpwa wangu,

Marahaba. Habari ya pampu imenifurahisha kuliko lolote nililosoma mwaka huu, nami husoma sana. Nimechora mzunguko wake mezani, nikaona unavyokwenda. Maji ya bahari kwenu yana joto kiasi gani Februari? Mkiyachota mtayarudisha yakiwa yamepoa kiasi gani, na wapi, ili msije mkayachota tena yaleyale? Nani atazisafisha sahani za chuma zilizo ndani ya pampu chumvi ikishika? Mwambie fundi wenu asikubali kila anachoambiwa na muuzaji.

Hapa maua meupe ya kwanza yametokea kwenye bustani ya kanisa. Nimeyapeleka machache kwenye kaburi la Gunnvör. Mke wangu hakupenda maua ya kununua.

Mjomba wako,
Oddgeir

*

Heimaey, 28 Mei 2018

Mjomba, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa. Mashine zimefika kwa meli, na kuzishusha kumetumaliza. Ni nne, kila moja kubwa kama basi. Watoto wa shule waliletwa kuzitazama. Mmoja alisema zinafanana na ng'ombe waliolala.

Maji ya bahari Februari hukaribia nyuzi saba. Tutayarudisha yakiwa na nyuzi mbili, upande wa pili wa gati. Sahani za ndani zimetengenezwa kwa madini yasiyoshikwa na chumvi. Umeona nimejibu kila swali lako. Wewe hukujibu langu.

Nimekuwekea mchoro wa visima uone mwenyewe. Wahandisi wanasema lava ya kwako inachuja maji vizuri. Kama Mei imekushinda, njoo Agosti wakati wa sikukuu ya kisiwa, mji mzima ukihamia kwenye mahema. Hema letu bado ni lile jeupe la babu, na mama anakaanga chapati nyembamba za sukari mpaka unga unaisha. Kiti chako kipo. Kila mwaka tunakibeba, kila mwaka tunakirudisha.

Salvör

*

Esbjerg, 10 Juni 2018

Mpwa wangu,

Nashukuru kwa mchoro. Nimekaa nao siku kadhaa na miwani miwili.

Ng'ambo ya iliyokuwa barabara, mkabala na Hvammsborg, kuna kiwanja ambacho kilikuwa cha mji hata kabla ya mlipuko. Kina lava ileile na bahari ileile, tena kiko karibu zaidi na kituo chako, kwa hiyo bomba lingekuwa fupi. Mtu anayejua kazi angechimba pale kwanza. Nimeuliza pia kwa mwanasheria wa hapa kuhusu sahihi. Amesema nikitia mbele yake inatosha, wala sina haja ya kupanda meli.

Kwa hiyo nakuuliza kama fundi anavyomuuliza fundi mwenzake: kwa nini kiwanja changu?

Oddgeir

*

Heimaey, 6 Agosti 2018

Mjomba, shikamoo.

Nimesubiri sikukuu ipite ndipo nijibu, na najibu nikiwa bado nanuka moshi wa kuni.

Hatukukihitaji kiwanja chako. Kisima tunachimba ng'ambo, kwenye kiwanja cha mji, kama ulivyosema. Habari ya sheria niliitunga.

Ilikuwa hivi. Mchoro ulipotoka, mama aliuona mezani kwangu, akaweka kidole juu ya Hvammsborg. Akasema, "Kwa ajili ya dada yake haji. Kwa ajili ya kiwanja atakuja." Nikamwambia huo ni uongo. Akasema, "Si uongo, ni chambo. Sisi ni watu wa samaki." Ana miaka themanini na mitatu, Mjomba. Watu wakimtajia jina lako husema Oddgeir wa Hvammsborg, na kila mara mama anageuka kutazama upande ule, kule kwenye mawe. Sikuweza kumkatalia. Lakini wewe ni fundi, nilipaswa kujua kwamba utapima umbali.

Jana hemani alikaa kwenye kiti chako. Nilimuuliza sababu. Akasema miguu imemuuma, na kiti kinachosubiri bure kinaharibika.

Nisamehe.

Salvör

*

Esbjerg, 1 Septemba 2018

Mpwa wangu,

Nimecheka, hasa hapo kwenye chambo. Ni mama yako Ólöf mtupu. Tulipokuwa wadogo aliwahi kunitoa juu ya paa kwa kuniambia mbwa amezaa, na hatukuwa na mbwa.

Sijakasirika. Ila kuna jambo nataka liachwe kusemwa huko. Najua watu wanasema ni Gunnvör aliyenizuia. Ni kweli aliapa hatalala tena chini ya mlima ule. Lakini Gunnvör amelala hapa Esbjerg miaka kumi na miwili sasa, na mimi bado sijaja. Kwa hiyo muacheni apumzike.

Kiwanja kibaki kilivyo. Chimbeni cha mji. Msinitake sahihi kwa kitu msichokihitaji.

Mjomba wako,
Oddgeir

*

Heimaey, 21 Oktoba 2018

Mjomba, shikamoo.

Mama hajambo, isipokuwa ameteleza barabarani na mkono umefungwa bendeji. Anaonyesha kila mtu. Vifaranga wa ndege wa baharini walikuwa wengi mwaka huu. Watoto waliwaokota mitaani walikodanganywa na taa za mji, wakawarusha baharini waende zao. Hizo ndizo salamu. Sasa nakuomba usome yanayofuata ukiwa umesahau barua zangu zote za nyuma, kwa sababu najua ninavyoonekana.

Kisima cha ng'ambo kimetushinda. Siku za kwanza kilitoa maji safi, tukashangilia. Kisha yakaanza kutoka meusi. Chini ya lava pale kuna tabaka nene la majivu, laini kama unga, yanaporomoka ndani ya kisima na kuja na maji. Yamekwishakula pampu moja ya kuvutia maji kisimani. Tumechimba mara ya pili kiwanja hichohicho, mambo yakawa yaleyale. Mhandisi wa miamba hawezi kueleza kwa nini majivu yote yamejazana kwenye kiwanja kimoja. Vipimo vyake vinaonyesha kwako hayapo kabisa. Lava imekaa moja kwa moja juu ya ardhi.

Mashine nne zimekaa ndani kama ng'ombe wasiokamwa. Wiki iliyopita waya wa bara ulikatika. Tulichoma mafuta siku tano, shule ikajaa moshi, na kiwanda cha samaki kilisimama kwa kukosa maji ya moto ya kuoshea. Kuna watu wameanza kusema turudi kwenye mafuta moja kwa moja, kwamba pampu ni ndoto ya Salvör. Baraza linakutana mwisho wa Novemba. Nikienda bila kisima, wataiua kazi hii na mimi nikiwepo.

Ninakihitaji kiwanja chako. Safari hii ni kweli. Sikuombi uje.

Salvör

*

Esbjerg, 3 Novemba 2018

Mpwa wangu,

Mwambie mhandisi wa miamba aache kuumiza kichwa. Majivu yale ni yangu.

Februari ile ya mabeleshi tulikuwa wanaume wanane Hvammsborg. Majivu yalifika madirishani. Tulisafisha paa, tukasafisha ua, mimi nikawashikilia wenzangu mpaka tuone nyasi, kwa sababu sikutaka Gunnvör akirudi akute uchafu. Kwa kung'ang'ania usafi wakaniita bibi harusi. Na majivu tuliyatupa wapi? Ng'ambo ya barabara, kwenye kiwanja cha mji, mkokoteni baada ya mkokoteni, mpaka ukawa mlima wa pili. Majirani wakaona pana nafasi, nao wakatupa hapohapo. Mwezi mmoja baadaye lava ikafunika nyumba iliyosafishwa na jaa lake pamoja.

Nimekaa miaka hii yote nikidhani kazi ile ilikuwa ya bure. Kumbe ilikuwa ya kuwaandalia kisima.

Karatasi yenye sahihi imo humu, na mhuri wa mwanasheria. Sikuweka sharti. Chimbeni. Bomba litakuwa refu zaidi, kwa hiyo lifungeni vizuri lisipoteze joto njiani.

Mwambie Ólöf chambo kimeliwa, lakini samaki hakuja. Na aache kutembea barabarani kama msichana.

Oddgeir

*

Heimaey, 28 Desemba 2018

Mjomba, shikamoo, na heri ya Krismasi iliyopita.

Tarehe ishirini na tatu tulikula samaki taa aliyevundikwa, kama kawaida, na nyumba nzima bado inanuka. Mama amefungua madirisha yote ili harufu itoke. Naye anaweza kuyafungua, maana ndani ni moto kama kiangazi. Nitakueleza kwa nini.

Msimamizi wa uchimbaji anaitwa Njáll, mtu wa maneno mengi na mikono mizuri. Walianza kwako katikati ya Novemba. Lava ilikuwa ngumu, tukaenda polepole. Walipofika mita kumi na moja keke ya kutobolea mwamba ilishuka ghafla, kama mguu unapokosa ngazi gizani. Mashine ikatikisika. Kilichopanda juu kilikuwa vipande vya mbao nyeusi kama mkaa, na kutu, kutu nyingi. Njáll aliichukua kiganjani, akaitazama, akavua kofia. Halafu akainama juu ya shimo akaita, "Mzee Oddgeir, tukuzimie hii boila au tuiache?"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi pia. Kisha nikaenda nyuma ya gari, nikakaa huko kidogo.

Waliendelea chini mpaka kwenye maji ya bahari. Yalitoka safi, na hayajabadilika mpaka leo. Yana nyuzi mbili zaidi ya maji tuliyopima kwingine kokote. Mhandisi anasema lava ya pale bado ina joto kidogo kwa ndani. Njáll anasema boila ipo kwenye alama ya chini. Mjini wote wamemwamini Njáll.

Barazani sikuhitaji kusema mengi. Niliweka chupa mbili mezani, moja ya maji meusi na moja ya maji yako. Mashine zote nne ziliwaka wiki moja kabla ya Krismasi. Kiwanda cha samaki kinaosha kwa maji yetu ya moto, na shule imesahau moshi.

Mama anapitisha mkono juu ya mabomba ya joto ukutani kila anapopita, kama anayempapasa paka. Siku ya kwanza aliuacha mkono pale muda mrefu. Akaniambia, "Mwandikie kwamba nyumba yake imefika kwangu. Yeye bado."

Kwa hiyo una maswali mawili ya kujibu. Njáll anataka kujua kuhusu boila. Mama anataka kujua kuhusu hilo jingine. Mimi nimeamua kutosubiri lolote, lakini ningependa kujua.

Wako,
Salvör

*

Esbjerg, 23 Januari 2019

Mpwa wangu Salvör,

Marahaba. Leo ni miaka arobaini na sita. Kwa mara ya kwanza niliamka, nikanywa kahawa, nikasoma gazeti, nikafika ukurasa wa tatu ndipo nikakumbuka ni siku gani.

Goti halijambo. Mjukuu wangu mdogo alikuja Jumapili, nikamsomea barua yako kwa kuitafsiri papo kwa papo. Alisimama juu ya kiti mbele ya ramani, akachora mstari mwekundu kutoka kwenye nyumba yangu ya kalamu mpaka mjini, akaupeleka kila mtaa aliouona. Aliuliza upi ni mtaa wa Ólöf, akauchora mara mbili. Ramani imeharibika kabisa na sitainunua nyingine.

Kwanza mama yako. Mwambie nimemsikia tangu neno lake la kwanza, na sikuwa namkwepa yeye. Niliogopa mawe. Nilijua nikija mtanipeleka pale, mtaniambia ilikuwa hapa, nami nitatazama na kuona mawe, basi, mambo yamekwisha. Nisipokuja, nyumba ipo, nyasi zimesafishwa, na boila inaunguruma chini ikinisubiri. Ni hesabu ya kitoto, lakini imenibeba mbali. Sasa umeniandikia kwamba mmeingia, mmegusa kutu yake kwa mikono, na maji yaliyopita chini yake yamepanda ukutani kwa dada yangu. Sina tena ninachokilinda huko. Nimelala vizuri tangu barua ilipofika, nami si mtu wa kulala vizuri.

Mkono wake ukipona, na apande ndege aje. Chumba cha mbele kina kitanda kizuri na dirisha linalotazama bahari hiihii. Asilete taa aliyevundikwa. Majirani zangu ni watu wapole. Nitampeleka kwa Gunnvör, wana mengi ya kusameheana. Akitaka kuniambia "njoo" kwa mdomo wake, nitamsikiliza mpaka achoke, halafu tutakula.

Hvammsborg liwe jina la kile kisima, rasmi, mliandike mlangoni. Nimelibeba muda wa kutosha. Hapa wananiita Oddgeir tu, na huwa naitika.

Na sasa Njáll. Mpe salamu, mwambie alifanya vyema kuuliza kabla ya kugusa mali ya mtu. Boila asiizime. Niliiacha imewaka kwa sababu nilikuwa narudi jioni. Sasa ibaki imewaka kwa sababu ninyi mpo.

Mimi sitarudi.

Mjomba wako,
Oddgeir